Mto Usiopenda Nyekundu

Maneno yale yaliletwa na Mama Redio. Hakuwa anauza redio wala kuzitengeneza. Jina alipewa na mtaa kwa sababu ya mdomo wake, ambao ukishawashwa hauna pa kuzimia. Aliingia dukani kuchukua begi la shule lililokatika mkanda, akaketi kwenye stuli ya wateja, akajipepea kwa kipande cha boksi, kisha akasema kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya vitunguu:

"Nasikia Kitinda wako anakwenda kule kwenye mto wa maboti ya mpira?"

"Anakwenda," alisema Mama Zipu, fundi wa mabegi. "Yeye na wenzake. Wako likizo."

"Mh."

Mama Zipu alisimamisha cherehani. Mh ya Mama Redio haikuwa kitu cha kuachwa kipite hivi hivi.

"Mh nini?"

"Mimi simo. Ila mto ule haupendi nyekundu, shoga yangu. Mwaka jana kuna msichana kaingia na nyekundu, akaenda nayo. Watu walikuwa darajani, wameona kwa macho yao. Kitu chekundu kinakwenda na maji, basi, hakijarudi. Na wa kabla yake nyekundu vile vile."

"Nani kakwambia?"

"Si watu!"

Hao watu wa Mama Redio walikuwa wameshaua, wameshaozesha na wameshafilisi nusu ya mtaa bila mtu yeyote kujua wanakaa nyumba gani. Upande wa pili wa duka, mume wa Mama Zipu, ambaye kila mtu alimwita Mzee Soli, alicheka na misumari yake midogo mdomoni. Duka lilikuwa chumba kimoja tu: mkono wa kushoto mke na mabegi yake, mkono wa kulia mume na viatu vya watu.

"Mto unajua rangi?" alisema. "Umesomea wapi?"

"Cheka wewe," Mama Redio akamjibu, akalipia mkanda wake, akaenda zake.

Aliondoka yeye, maneno yakabaki. Mama Zipu alikuwa mwanamke wa darasa la saba, hesabu zake safi na mwandiko wake mzuri, na hakuwa mtu wa kuamini kila anachoambiwa. Lakini Kitinda alikuwa mtoto wake wa mwisho, aliyekuja wakati mama ameshagawa nguo zote za kichanga. Wakubwa walishaoa na kuolewa mbali. Huyu mmoja ndiye aliyebaki nyumbani, kafanana na baba yake, mdogo wa umbo kiasi kwamba kwenye duka la miwani alikofanya kazi wateja walizoea kumuuliza, "Mtoto, mama mwenye duka yuko wapi?" Siku nzima Mama Zipu alishona akiona kitu chekundu kikienda na maji. Akipiga mkanda mweusi, anaona chekundu. Akibadilisha zipu ya kijani, anaona chekundu.

Jioni alimkuta Kitinda chumbani akipanga begi. Juu ya kitanda kulikuwa na fulana nyekundu na kilemba chekundu.

"Hivi vinabaki," mama akasema, akavichukua.

"Mama! Hiyo ndiyo fulana yangu ya picha."

"Utapiga picha na nyingine. Niahidi kitu. Ukifika kwenye maji yale, hutavaa nyekundu. Yoyote ile."

Kitinda akamtazama kuona kama anatania. Hakuwa anatania.

"Ni Mama Redio, eti?"

"Usiniulize ni nani. Niahidi."

"Mama, dunia ya leo hii!"

"Dunia ya leo ina maji yale yale."

Kitinda akacheka, akamkumbatia mama yake kiunoni kama alivyofanya tangu utotoni. "Haya, mama yangu mzazi. Sitavaa nyekundu. Hata kucha nazifuta." Na kweli alikaa kitako ukingoni mwa kitanda, akamwaga dawa kwenye pamba, akafuta rangi nyekundu kidole kimoja kimoja, huku akimtazama mama kwa jicho la utani. Mama hakucheka, lakini usiku ule alipata usingizi.

Asubuhi alikuja rafiki wa Kitinda, Twiga, kumchukua. Msichana huyu aliinama mlangoni kwa mazoea, hata kwenye milango isiyohitaji kuinama.

"Shikamoo mama. Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Nakukabidhi mwenzio."

"Usiwe na presha, mama. Mimi nikisimama, maji yananiishia magotini. Namweka begani tunavuka."

Wakaondoka wakicheka. Mama Zipu alisimama mlangoni mpaka gari lilipokata kona, akaendelea kusimama.

Siku ya kuingia majini kazi haikufanyika. Alishona zipu kichwa chini miguu juu. Akaifumua, akaishona tena vile vile. Mumewe akamwambia, "Leo wewe ni hasara tupu, bora ukae nje upate upepo." Mama Zipu hakutoka nje. Alichukua simu akaandika kwa kidole kimoja, taratibu: *Mwanangu umekumbuka? Isiwe nyekundu. Mama yako.*

Jibu lilikuja baada ya muda kidogo. *Nimekumbuka mama. Nimebadilisha. Tulia.*

Akatulia. Hilo neno "nimebadilisha" lilimpita kama upepo, aliona tu "tulia." Moyo ukarudi mahali pake. Akanunua soda mbili, yake na ya mumewe, na mara ya tatu zipu ilikaa sawa.

Mchana simu ikaita. Namba ilikuwa ya Twiga, ila sauti ilikuwa ya mtu aliyelia mpaka koo limekauka.

"Mama, usishtuke. Amepatikana."

"Amepatikana?" Mama Zipu alisimama na mkasi mkononi. "Kwani alipotea?"

Upande wa pili Twiga alivuta kamasi.

"We mtoto, nakuuliza. Kwani alipotea?"

"Yuko mzima, mama. Anaongea. Ameumia bega. Tuko hospitali. Mama, nisamehe."

Kuhusu safari ya kwenda huko, Mama Zipu hakuweza kusimulia kitu baadaye isipokuwa viatu. Walipokuwa wameshakaa ndani ya basi, aliinamisha kichwa ili asilie mbele za watu, akaona miguu ya mumewe. Mguu mmoja ulikuwa na kiatu chake cha kahawia. Wa pili ulikuwa na kiatu cheusi cha ngozi, chenye ncha, cha mteja. Mzee Soli, aliyecheka habari za rangi, alikuwa amevaa cha kwanza alichokigusa na kukimbia. Mama Zipu hakumwambia. Alimshika mkono tu, na mkono wenyewe ulikuwa wa baridi.

Wodi ilikuwa na vitanda vichache na dirisha kubwa. Kitinda alikuwa kitanda cha mwisho, mkono umefungwa kifuani kwa bendeji, kucha hazina rangi, mdomo umekwaruzwa. Alionekana mdogo kuliko alivyoondoka. Twiga alikaa chini sakafuni, mgongo ukutani, magoti yamefika masikioni.

"Mama, mbona mnakuja kama mnazika?" Kitinda akasema. Kisha akaona miguu ya baba yake. "Baba! Hicho kiatu cha nani?"

Mzee Soli akatazama chini. Akacheka, na katikati ya kicheko akageukia dirishani, mabega yakawa yanatikisika kwa muda mrefu kuliko kicheko chenyewe.

Ndipo wakasimuliwa, mmoja akianza na mwingine akimalizia.

Maji ya mwanzo yalikuwa ya kuchekesha. Boti inapanda, inashuka, watu wanapiga mayowe kama wako kwenye bembea. Mwongozaji alikaa nyuma na kasia lake refu, akipaza sauti, "Mbele! Mbele! Pumzika!" nao wakavuta kwa pamoja, wakakosea, wakacheka. Kisha mto ukabana kati ya miamba, maji yakawa meupe kama sabuni ya kufulia, na sauti zao zikamezwa. Likaja jiwe. Boti ikapanda ubavuni mwa jiwe, ikasimama wima kama mlango, ikawamwaga wote.

"Niliona bluu tu," Kitinda alisema. "Nikadhani ni maji. Kumbe ni jaketi. Lile jaketi la kuelea lilinipanda usoni, mikono imekwenda juu, kama vile ulivyokuwa unanivua fulana nikiwa mdogo. Nikivuta pumzi, napata maji. Nikishusha mkono, jaketi linazidi kupanda."

"Mimi niliona mkono wake," Twiga akasema kutoka sakafuni. "Nikashika mkanda wa begani. Nikavuta kwa nguvu zangu zote, mama, naapa. Likaja."

"Likaja nini?" Mzee Soli akauliza.

"Jaketi. Jaketi peke yake. Yeye hayumo."

Mama Zipu aliingiza mkono chini ya shuka, akaushika mguu wa binti yake, akabaki ameushika.

"Nikaenda peke yangu," Kitinda akaendelea, sauti imeshuka. "Sina cha kuelea mwilini. Nikakumbuka tulivyofundishwa kabla ya kupanda. Lala chali. Miguu mbele, vidole juu. Usisimame. Mama, nilitamani kusimama! Niligusa chini kwa kidole, nikasema hapa hapa nasimama. Kisha nikajikataza, maana tuliambiwa mguu ukinasa kati ya mawe, maji yanakulaza kifudifudi na ndiyo basi. Nikalala. Nikajigonga bega. Nilimeza maji mpaka nikasema leo mto huu naumaliza mwenyewe. Mara kamba ikanidondokea kifuani."

"Nani aliirusha?"

"Yule pale."

Mlangoni alikuwa amesimama kijana mmoja, kaptura haijakauka, kofia mkononi. Alikuwa mwongozaji wao. Ile boti ilipopinduka, yeye aliparamia miamba, akakimbia juu yake akikata kona ya mto ili amtangulie, ndipo akairusha kamba. Magoti yake yalikuwa yamechunika. Aliwaamkia wazee, akakataa kiti.

"Nimekuja kumjulia hali," akasema. "Na nina swali, maana bosi wangu ananiuliza na mimi sina jibu. Dada, majaketi yetu yanakwenda kwa saizi. Bluu ni ya watu wakubwa, njano ya kati, nyekundu ya wembamba. Wewe nilikuvalisha jekundu mwenyewe. Nikafunga mikanda, nikalinyanyua mabegani, halikupanda hata kidogo. Sasa majini umetoka kwenye bluu. Ulilipataje?"

Kitinda alitazama dari. Halafu akatazama ukuta. Popote, isipokuwa kwa mama yake.

"Nilipenda tu bluu," akasema. "Nililiokota kwenye rundo ulipokuwa unashusha boti. Kosa langu."

"Ulipenda bluu," mwongozaji akarudia, kama mtu aliyepewa chenji pungufu. "Haya. Basi nitamwambia bosi hivyo. Na mimi nilipaswa kukagua tena tukiwa ndani ya boti, sikukagua. Hilo ni langu, na huenda kazi ikaniponyoka kwa ajili yake."

Mama Zipu alikuwa anatazama zile kucha. Hazikuwa na rangi hata kwenye kingo. *Nimebadilisha. Tulia.* Na yeye akanywa soda. Maisha yake yote alikuwa akiwarudisha wazazi waliotaka begi kubwa ili mtoto alitumie mpaka akue. Aliwaambia, mtoto akivaa begi lisilo lake, begi ndilo linamvaa yeye. Mumewe naye kila wiki aligombana na mtu anayetaka kiatu chenye maua wakati mguu unakataa: "Mama, mtoto hatembelei rangi, anatembelea saizi!" Wateja walicheka. Yeye mwenyewe alicheka.

"Hakupenda bluu," akasema.

"Mama, acha," Kitinda akasema haraka.

"Nyamaza. Umeniheshimu vya kutosha." Akamgeukia mwongozaji. "Ni mimi, mwanangu. Nilimwapisha asivae nyekundu. Tena nilimtumia ujumbe akiwa kule kule ukingoni, kumkumbusha. Niliambiwa mto wenu unachukua wenye nyekundu. Kwamba mwaka jana msichana wa nyekundu alikwenda na maji, watu wakamwona kutoka darajani."

Mwongozaji akaiweka kofia yake kwenye kitanda. Uso wake ulikuwa na mshangao wa kweli.

"Msichana wa nyekundu? Huyo nilimtoa mimi. Yuko hai! Aliolewa juzi tu, nilikula pilau lake. Alianguka kabla ya daraja, na wale waliokuwa darajani wakaona nyekundu inapita chini yao, ikapotea kwenye kona. Hawakushuka kuangalia kona ina nini. Kona ina mimi na kamba yangu. Na unajua nilimwona kwa nini? Kwa sababu ya lile jaketi jekundu, mama. Maji meupe, mawe meusi, nyekundu inajitangaza yenyewe."

Mama Zipu alikaa kitandani. Alitaka kulia, alitaka pia kurudi mtaani saa ile ile akaung'oe ulimi wa mtu. Kitinda akanyoosha mkono mzima, akamshika bega.

"Ulitaka nipone, mama. Na nimepona."

"Kwa nini ulinificha?"

"Ungejila mwenyewe."

"Na huyu je, angepoteza kazi kwa ajili yangu?"

Siku ile ile Mama Zipu alikwenda na mwongozaji hadi ofisini kwa bosi wake, akasimama mbele ya meza, akasema yote bila kupunguza wala kutia chumvi. Bosi alimsikiliza mpaka mwisho. Kijana alibaki kazini, ila kuanzia hapo sheria ikawa mpya: majaketi yanakaguliwa mara ya pili watu wakiwa wameshaketi ndani ya boti, na ya ziada yanafungiwa.

Waliporudi mtaani, Mama Redio alifika kabla maji ya chai hayajachemka. Alishika kifua kwa mikono yote miwili.

"Pole shoga yangu! Si nilikwambia? Nasikia alivaa nyekundu, mto ukamvuta!"

Mzee Soli aliweka nyundo chini. Alimjua mke wake, akasogeza stuli pembeni ili njia iwe wazi. Lakini Mama Zipu, aliyekuwa ameyapanga matusi yake njia nzima, aliyatazama maneno yale mapya yalivyokwisha kujipindua yenyewe, akaona matusi hayatoshi.

"Kaa," akasema. "Alivaa bluu."

"Bluu?"

"Bluu ya watu wakubwa. Likamvuka kichwani. Jekundu ndilo lilikuwa lake, na jekundu lingemshika. Na msichana wako wa mwaka jana yuko hai, kaolewa. Rudia."

"Nirudie nini?"

"Nilichosema. Rudia mpaka kikae."

Mama Redio alirudia. Mara ya kwanza alikosea, akamwua tena yule msichana. Mama Zipu akamrudisha mwanzo. Mara ya pili alipatia msichana akakosea saizi. Mzee Soli akawa anacheka na misumari mdomoni. Ilipokaa sawa, Mama Zipu akamfungulia mlango.

"Sasa nenda katangaze. Na wakikuuliza nani kakwambia, usiseme watu. Sema ni mimi."

Akatangaza. Haki yake apewe, kwa kutangaza hana mpinzani. Kabla ya jua kuzama hata muuza mkaa wa barabara ya juu alijua habari za saizi.

Bega lilichukua muda wake. Bendeji ilipofunguliwa, Kitinda alianza kujifunza kuogelea kwenye bwawa, Twiga pembeni yake, na kweli pale maji yalimfika magotini, maana walianzia upande wa watoto. Siku moja akasema mezani, akijifanya anatafuta chumvi, kwamba anataka kurudi mtoni.

Neno "hapana" lilimfika Mama Zipu hadi kwenye meno. Alimtazama mumewe, mumewe akatazama sahani.

"Tutakwenda wote," akasema mwishowe. "Wewe majini, mimi ukingoni. Na mkanda nakaza mwenyewe."

Wakaenda. Asubuhi ilikuwa angavu, mto unanguruma kana kwamba haujui chochote. Mwongozaji akatoa jaketi jekundu, akamvalisha Kitinda, kisha akamwachia mama. Vidole vile vilivyoshona mikanda miaka yote vikavuta wa chini kwanza, kisha wa kati, kisha wa juu.

"Mama, sipumui."

"Unaongea, basi unapumua."

Akalishika mabegani kwa mikono miwili, akalinyanyua kwa nguvu zake zote, mpaka mtoto akasimama kwa vidole. Jaketi halikupanda. Ndani ya boti mwongozaji akakagua tena.

Mama Zipu alipanda darajani, pale pale waliposimama wale watu. Boti ikatokea juu, ndogo, ikazama katikati ya weupe, akapoteza bluu, akapoteza njano, akapoteza hata helmeti. Nyekundu haikupotea. Aliifuata kwa macho chini ya daraja. Ilipofika kwenye kona, hakubaki darajani kama wao. Aliinua gauni lake, akashuka mbio kwenye njia ya mawe kwenda kuangalia kona ina nini. Alimkuta Kitinda kwenye maji matulivu, amelowa chapachapa, anapunga kasia na kucheka mdomo wazi.

Kwenye ukuta wa duka, karibu na bei za zipu, sasa kuna ubao wa boksi wenye mwandiko mzuri wa darasa la saba. Wateja wanausoma wakisubiri.

MAMBO YA KUEPUKA UKIENDA KWENYE MAJI YA KASI

Usichague jaketi kwa rangi. Uliza saizi yako.

Usilegeze mikanda ili upige picha au upumue vizuri.

Usibadilishe jaketi baada ya kukaguliwa. Ukibadilisha, sema ukaguliwe tena.

Usipande boti kama hujanyanyuliwa jaketi mabegani.

Usisimame ndani ya mto unaokwenda, hata ukigusa chini. Lala chali, miguu mbele.

Usijifunge kamba mkononi wala kiunoni. Ishike tu.

Usicheke na mwenzio wakati mwongozaji anafundisha.

Usimtumie mtoto ujumbe wa kumtisha akiwa ukingoni.

Usiapishe mtu kwa jambo ambalo hujaliulizia kwa wanaolijua.

Usiseme "watu wanasema." Taja ni nani, au nyamaza.